Shajara ya mradi: kusajili na kulinda alama ya mikoba yetu

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza rasmi. Kazi ni kusajili alama ya biashara ya mikoba tunayoshona, jina pamoja na nembo, kisha kuweka utaratibu wa kuilinda. Nimekabidhiwa mimi kuisimamia. Naandika shajara hii ili wenzangu wa karakana na wa mauzo wajue tumefika wapi, na kwa nini tuliamua hivi badala ya vile. Jina lenyewe sitalitaja humu. Nitaliita Jina tu, mpaka mambo yote yatulie.

Kikao cha kwanza kiliniishia kwenye swali moja: "Si tulishasajili jina?" Tulichosajili ni jina la kampuni. Hilo linatutambulisha kwa serikali, kwenye kodi na kwenye mikataba. Anwani ya tovuti nayo tunayo, nayo inatupa mlango kwenye intaneti, basi. Vyote viwili havitupi uwezo wa kumzuia mtu kushona jina lile lile kwenye mkoba wake na kuupeleka sokoni. Uwezo huo unatoka kwenye alama ya biashara, inayoandikwa kwenye daftari lake, kwa bidhaa zinazotajwa waziwazi, na ndani ya mipaka ya nchi ulikoisajili. Nimewaomba wote tuyashike mambo hayo mawili, bidhaa na mipaka, kwa sababu karibu kila uamuzi unaokuja utazunguka hapo.

Januari, mwishoni

Majina matatu yalikuwa mezani. La kwanza lilikuwa maneno mawili yenye maana ya mkoba imara. Watu wa mauzo walilipenda sana: mteja analisoma na kuelewa papo hapo. Mimi nililikataa, na bado nina hakika nilifanya vyema. Jina linaloeleza bidhaa au sifa yake ni neno ambalo kila mshonaji analihitaji, kwa hiyo ofisi za usajili karibu kote hulikataa mpaka uthibitishe kwamba wanunuzi wameshalizoea kuwa lako. Hata likipita, ni ukuta mwembamba: mwenzio ataandika kwamba mikoba yake ni imara na huwezi kumgusa.

La pili lilikuwa jina la ukoo la mmoja wa waanzilishi. Hilo lina shida zake, kubwa ikiwa ni nini kitatokea siku mwenye ukoo akiondoka.

La tatu ni neno tulilolibuni, halina maana katika lugha yoyote tunayoijua. Majina ya namna hii ndiyo yenye nguvu zaidi kisheria. Kodak ya George Eastman, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1888, ni neno lililotengenezwa hivyo hivyo, kutoka hewani. Yanayofuata kwa nguvu ni maneno ya kawaida yaliyowekwa kwenye bidhaa isiyohusiana nayo kabisa, kama Apple kwenye kompyuta. Jina la kubuni lina gharama yake: halimwambii mteja chochote mpaka ulijenge wewe mwenyewe, kwa miaka. Tumekubali gharama hiyo. Jina ndilo.

Februari

Upekuzi. Kuna hazina mbili za bure kwenye intaneti, Global Brand Database ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) na TMview, pamoja na daftari la ofisi ya nchi yetu. Kuandika Jina kwenye kisanduku na kuona halipo hakutoshi. Wakaguzi wa ofisi ya usajili hawatafuti lililo sawasawa peke yake. Wanatafuta linaloweza kumchanganya mnunuzi, kwa macho, kwa sikio au kwa maana. Kwa hiyo niliandika kila namna ya kuliendeleza: K ikawa C, kisha Q, Z ikawa S, irabu ya mwisho nikaibadilisha, herufi moja nikairudia. Halafu nikakaa na fundi mkuu wetu, nikawa namsomea majina yaliyopatikana kwa sauti huku amenipa mgongo akikata ngozi, naye anasema "hilo ni letu" au "hilo silo". Majina mawili yalimfanya ageuke. Moja lilikuwa la viatu, jingine la programu za kompyuta. Nimeyaweka kwenye faili.

Nembo yetu ni ndege aliyechorwa kwa mstari mmoja wa mshono. Picha hutafutwa kwa namba, si kwa maneno. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1973 umezipanga alama za picha katika makundi. Wanyama wako kundi la 3, na ndege ni 3.7. Ndege ni wengi mno humo. Wanaofanana na wetu kwa mkao sikuwaona kwenye bidhaa za karibu.

Jambo jingine la mwezi huu, ambalo biashara nyingi huliruka: nembo ilichorwa na mbunifu wa nje. Katika nchi nyingi kumlipa mchoraji hakuhamishi hakimiliki ya mchoro. Hubaki kwake mpaka atie saini hati ya kukuhamishia. Tumemwandalia hati ya ukurasa mmoja. Akaisoma, akauliza kama ataruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wake wengine. Tukakiongeza kifungu hicho, akasaini. Mwombaji wa alama atakuwa kampuni, si mtu binafsi. Hilo halikuwa na mjadala.

Machi

Mwezi wa madaraja. Wenzangu walidhani ni kujaza fomu tu; kwangu hapa ndipo mradi wote ulipo.

Chini ya Mkataba wa Nice wa mwaka 1957, bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unaposajili, ulinzi wako unaanzia kwenye yale uliyoyaandika. Sasa angalia mkoba. Mkoba wa begani, begi la mgongoni, begi la safari na mfuko wa sokoni ni daraja la 18. Mkoba uliotengenezwa mahsusi kwa kompyuta ya mkononi ni daraja la 9, pamoja na kompyuta zenyewe. Kifuko cha kalamu ni daraja la 16, na karatasi. Mfuko wa kitambaa wa kufungashia bidhaa ni daraja la 22, pamoja na kamba na mahema. Vyote vinatoka kwenye meza moja ya karakana yetu, vimeshonwa na mkono ule ule na uzi ule ule. Anayeandika daraja la 18 peke yake ameacha kompyuta na kalamu nje.

Mmoja wa mafundi aliniuliza kama watu watakatazwa kulitamka Jina. Nilimpa mfano wa "Hakuna Matata". Kampuni ya Disney iliomba kuisajili Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya fulana, ikapewa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wakatia saini ombi la kuipinga. Hasira ile naielewa, na binafsi sioni kwamba usemi wa umma ulipaswa kufikia hapo. Lakini kisheria usajili ule haumzuii mtu kusema wala kuimba. Unahusu chapa kwenye nguo, nchini Marekani. Alama haimiliki neno. Inamiliki uhusiano kati ya neno na bidhaa fulani.

Wakili alitaka tuombe madaraja mengi, nguo na viatu vikiwemo, "kwa ajili ya kesho, ndugu yangu." Nilimpinga kwa heshima. Alama isiyotumika hufutika. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, unaruhusu nchi kuifuta baada ya miaka 3 mfululizo ya kutotumika bila sababu ya msingi, na Umoja wa Ulaya na Uingereza wanatoa miaka 5. Kuorodhesha viatu ambavyo hatuna mpango wa kuvishona ni kulipia ugomvi. Tumekubaliana juu ya daraja la 18, la 9 na la 35 kwa sababu ya duka letu la mtandaoni, na la 37 kwa sababu tunakarabati mikoba na wateja wanatujia kwa hilo. La 16 litasubiri mpaka vifuko vya kalamu vianze kuuzwa kwa wingi.

Kisha maneno yenyewe. Zamani watu walikuwa wakinakili kichwa cha daraja kama kilivyo na kudhani wamefunika kila kitu kilichomo. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema bidhaa zitajwe kwa uwazi unaomwezesha yeyote kujua mipaka ya ulinzi. Kwa hiyo nimeandika bidhaa kwa majina yake, moja baada ya jingine, na fundi mkuu amezipitia. Aliongeza mikanda ya mabega inayouzwa peke yake. Mimi nisingeikumbuka kamwe.

Aprili

Maombi yamewasilishwa, mawili. La kwanza ni Jina kwa herufi za kawaida, bila rangi wala mtindo, ili tubaki na haki hata tukibadilisha mwandiko. La pili ni ndege peke yake, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Tungeweza kuyaunganisha tukalipa ada mara moja, lakini alama iliyounganishwa inatakiwa itumike ikiwa imeunganishwa, na kwenye vifungo vya chuma vya mikoba yetu kuna nafasi ya ndege tu.

Tumepata namba na tarehe ya maombi. Tarehe hiyo nimeizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, kwa kuwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 unatupa miezi 6 ya kipaumbele: tukiomba nchi nyingine ndani ya muda huo, ombi la huko litahesabiwa kana kwamba liliwasilishwa siku hii hii.

Tahadhari kwa wanaotengeneza lebo: kwa sasa tunaweka ™ tu, yaani tunadai kuwa ni alama yetu. Alama ya ® ni ya iliyokwisha kusajiliwa, na nchi nyingi zinaihesabu kuwa kosa ukiitumia mapema.

Juni

Mhasibu alinijia na bahasha. Ndani mna ankara yenye ngao, muhuri na namba yetu ya maombi, na ndege wetu amechapishwa kwa wino mzuri kuliko wa kwetu. Inataka tulipe ada ya "kuandikishwa kwenye rejista ya kimataifa", haraka. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu zinazohitaji miwani, imeandikwa kwamba hii ni huduma ya hiari ya mchapishaji binafsi. Taarifa za maombi ni za umma, na wapo wanaozisoma kila siku ili watume karatasi kama hizi. WIPO imekuwa ikiwatahadharisha waombaji kwa miaka. Agizo langu: hakuna ankara ya alama inayolipwa mpaka wakili aithibitishe. Hii imebandikwa ofisini kwa mhasibu ikiwa na alama ya X.

Julai

Ripoti ya mkaguzi imefika. Ndege amepita. Jina limepita daraja la 18, la 35 na la 37. Daraja la 9 limekwama: ametaja lile jina la programu za kompyuta tulilolikuta kwenye upekuzi, akasema yanakaribiana kwa sauti na bidhaa ziko daraja moja.

Kuwa daraja moja peke yake si hoja ya kufanana, wala kuwa madaraja tofauti si kinga. Linaloangaliwa ni kama mnunuzi atadhani bidhaa zimetoka mkono mmoja. Hata hivyo maneno yetu yalisema "makasha na vifaa vya kompyuta", na "vifaa" ni neno pana. Tumejibu kwa kulibana: "mikoba na makasha yaliyotengenezwa mahsusi kwa kubebea kompyuta za mkononi, bila kuhusisha programu wala vifaa vya kielektroniki." Tumeambatanisha hoja fupi kuhusu njia za mauzo. Kila tulichokiondoa ni kitu tusichokitengeneza, kwa hiyo hatukupoteza chochote.

Septemba

Daraja la 9 limekubaliwa. Kipaumbele cha miezi 6 kinakaribia kwisha, kwa hiyo mwezi huu ni wa kuamua nchi za nje.

Hadithi niliyowasimulia kwenye kikao ni ya Burger King. Ilipotaka kuingia Australia ilikuta jina limeshasajiliwa na mtu mwingine huko, na migahawa yake ikafunguliwa kwa jina la Hungry Jack's mwaka 1971, jina lililobaki hadi leo. Kampuni kubwa namna ile, na pesa zake zote, ilibidi ipishe.

Njia ni tatu. Unaweza kuomba moja kwa moja nchi kwa nchi. Unaweza kwenda kwa ofisi ya kikanda. Ile ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante inatoa usajili mmoja kwa nchi zote 27. Au unapitia Mfumo wa Madrid unaosimamiwa na WIPO kule Geneva: ombi moja, lugha moja, ada zinalipwa pamoja, na unachagua nchi unazozitaka kati ya zaidi ya 120. Kila nchi iliyochaguliwa inakagua kwa sheria zake na ina miezi 12, au 18, ya kukataa.

Madrid ina mtego ambao lazima kila mmoja wetu auelewe. Kwa miaka 5 ya mwanzo, usajili wa kimataifa unategemea ule wa nyumbani. Wa nyumbani ukianguka, wa nje nao unaanguka kwa kiasi hicho hicho, ingawa una miezi 3 ya kuugeuza kuwa maombi ya nchi moja moja bila kupoteza tarehe.

Tumechagua Madrid kwa nchi mbili. Moja ndiko wateja wetu wengi wa nje waliko. Ya pili hatuuzi mkoba hata mmoja. Ndiko vifungo na zipu zetu zinakotengenezwa na kupigwa chapa ya ndege. Mshirika wangu aliona ni kupoteza fedha. Hoja yangu ni kwamba kwenye nchi zinazompa haki anayesajili kwanza, mtu yeyote akiwahi kumsajili ndege kule, anaweza kuwazuia watengenezaji wetu wasitusafirishie mzigo wetu wenyewe. Amekubali.

Novemba

Jina limetangazwa kwenye jarida la msajili. Hiki ni kipindi cha pingamizi. Urefu wake hutofautiana, siku 30 Marekani, miezi 2 Uingereza, miezi 3 Umoja wa Ulaya, na maana yake ni ile ile: yeyote anayeona haki yake inaguswa ajitokeze sasa.

Kajitokeza. Ni kampuni ya viatu, mwenye lile jina la pili lililomgeuza fundi. Hoja yake: viatu na mikoba huuzwa rafu moja, wateja ni wale wale, na majina yanakaribiana. Lazima niseme ukweli, hoja hiyo si ya kubezwa. Na kwa sababu ya Madrid, tukishindwa hapa tunayumba na kule.

Desemba hadi Februari

Wakili alikuwa na majibu ya kurasa nyingi tayari, na aliamini tungeshinda. Mimi niliomba kwanza nizungumze nao. Niliandika barua ya heshima, nikapeleka mikoba miwili na picha za duka letu, ili waone tunachokifanya hasa. Walichokiogopa kumbe si mikoba. Waliogopa kwamba baada ya mikoba tungekuja na viatu.

Mazungumzo yalikuwa ya polepole, na kila neno lilipimwa. Walitaka tuandike Jina siku zote pamoja na ndege. Hilo nililikataa, maana lingeua faida ya kusajili herufi peke yake. Tulikubali lisiandikwe kwa mwandiko wa kulalia kama wa kwao, na kwamba hatutalitumia kwa viatu wala vifaa vya viatu. Wao hawataliweka lao kwenye mikoba. Kila upande hautapinga maombi ya mwenzake katika nchi nyingine, na mteja akichanganya tutaarifiana.

Machi

Mkataba wa kuishi pamoja umesainiwa, pingamizi limeondolewa. Uamuzi wa kutoomba viatu mwaka jana ndio uliofanya ukurasa wa kwanza wa mkataba huu uwe mwepesi.

Mei

Vyeti vimetoka, cha Jina na cha ndege. Muda ni miaka 10 kuanzia tarehe ya maombi, na unahuishwa kwa miaka 10 mingine bila kikomo. Pembetatu nyekundu ya Bass, kampuni ya bia, alama ya kwanza kwenye daftari la Uingereza lililofunguliwa Januari mosi, 1876, imehuishwa hivyo hivyo kwa zaidi ya karne. Ukipitiwa na tarehe, Mkataba wa Paris unakupa angalau miezi 6 ya kulipia pamoja na faini.

Lebo mpya zenye ® zimeagizwa kwa soko la nyumbani tu. Mikoba ya nje inaendelea na ™ mpaka kila nchi ijibu.

Nimewapa watu wa mauzo ukurasa mmoja wa matumizi. Jina liandikwe kwa namna moja, lifuatane na neno la bidhaa, "mkoba wa Jina", lisigeuzwe kuwa jina la aina yote ya mikoba. Otis, watengenezaji wa lifti, waliipoteza "escalator" mwaka 1950 Marekani kwa sababu hata wao walikuwa wakiitumia kama jina la ngazi yoyote inayotembea. Aspirini ya kampuni ya dawa ya Bayer ilikwenda hivyo huko huko mwaka 1921. Tumefungua pia faili la ushahidi wa matumizi, ambalo mhasibu analijaza kila robo mwaka: ankara zenye tarehe, picha za bidhaa zikiwa dukani, matangazo, kwa kila daraja peke yake. La 37 ndilo linalosahaulika, kwa hiyo stakabadhi za ukarabati sasa zinachapishwa na Jina juu.

Agosti

Mteja alituletea mkoba ukarabatiwe, na fundi mkuu aliutambua kabla hajaufungua. Ndege yupo, lakini mshono wa ukingoni una uzi mmoja badala ya miwili na sehemu ya ndani ya kifungo ni plastiki iliyopakwa rangi. Aliununua mtandaoni, kwa muuzaji tusiyemjua. Tulimwambia ukweli kwa upole, tukapiga picha kwa ruhusa yake, tukanunua mwingine kwa muuzaji yule yule na kutunza risiti. Ombi la kuondoa tangazo tulilipeleka kwenye soko lile la mtandaoni. Fomu inataka namba ya usajili, nchi na daraja. Tangazo limeondolewa. Mengine mawili ya muuzaji huyo tumeyapeleka.

Kuna pia anwani ya tovuti inayobeba Jina, iliyochukuliwa na mtu asiyeweka chochote humo. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa usuluhishi, UDRP, unaotaka uthibitishe mambo matatu: anwani inafanana na alama yako, mwenye nayo hana haki halali, na aliisajili na anaitumia kwa nia mbaya. La tatu bado hatuna. Tunaifuatilia, hatujashtaki.

Hatua zilizobaki: alama kuandikishwa forodhani ili mzigo bandia uzuiliwe mpakani (wakili anakamilisha fomu, fundi mkuu ameandika maelezo ya jinsi ya kutofautisha mshono halisi), daraja la 16 kwa vifuko vya kalamu, ombi jipya mwezi ujao. Kwa Madrid, nchi ya wateja wetu imekubali. Nchi ya vifungo haijajibu, na miezi yake 18 haijaisha.